Nesta Nambeye na Chuma cha Udongo Mweupe

Wachungaji na wazee wa kanisa, masheikh na ndugu zetu Waislamu mliopanda kutoka Tunduma mjini, viongozi wa Chama na Serikali, majirani wa Mpemba, na ninyi mliovuka mpaka alfajiri ya leo kutoka Nakonde, hamjambo, na poleni kwa safari na kwa msiba huu ulio wetu sote. Naitwa Amoni Simbeye, ni mdogo wake marehemu, nimemfuata yeye ziwa kwa ziwa, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake. Wazee walinionya jana nisome taratibu na kwa sauti ya msiba, nami nitajitahidi, ila mliomfahamu dada yangu mnajua kwamba maisha yake yana sehemu ambazo mtu hawezi kuzisoma kwa sauti ya chini, nikizifikia moyo unanienda mbio, kwa hiyo mtanivumilia.

Nesta Nambeye, maana katika ukoo wetu mwanamume ni Simbeye na binti ni Nambeye, alizaliwa tarehe 14 Machi 1936 hapa hapa Mpemba, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Kefa Simbeye, aliyekuwa mchimbaji wa shaba ng'ambo huko Kitwe kabla ya kurudi kulima, na mama yetu Tabita, ambaye Mungu amemjalia kuwa hai na ameketi pale mbele kwenye mkeka. Alibatizwa mwaka huo huo mwezi wa Desemba. Wanaomkumbuka utotoni wanasema alikuwa mtoto wa maswali, akitumwa maji alirudi amechelewa kwa sababu alikuwa anachimba chini ya mimea aone mizizi imefika wapi, na mama alimchapa kwa hilo mara nyingi bila mafanikio yoyote.

Alianza shule ya misheni mwaka 1945, akaendelea na shule ya kati huko Mbozi kuanzia mwaka 1950 hadi 1953, kisha akasomea ualimu kwa miaka miwili, akafundisha watoto wadogo hapa wilayani hadi nchi yetu ilipopata Uhuru. Mwaka 1962 zikatangazwa nafasi za vijana wa kusomea kilimo Tengeru, kule Arusha, naye akaomba bila kumwambia mtu, na barua ya kukubaliwa ilipofika baba alishangaa sana, akamwita mbele yetu sote.

"Nesta," baba alimwambia, "mwanamke na jembe wamezaliwa pamoja, sasa chuo cha nini tena?"

"Baba, jembe nalijua," dada akajibu, "udongo ndio siujui."

Baba alicheka hadi akakohoa, na kesho yake akauza mbuzi kwa ajili ya nauli. Dada alimaliza masomo Tengeru mwezi wa Juni 1964 na kurudi Kusini akiwa Bibi Shamba, cheo ambacho watu wengi huku walikuwa hawajawahi kukisikia kikitajwa kwa mwanamke, wakawa wanakuja ofisini kumwangalia tu.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Mbebe, katika milima ya Ileje, alikoshughulika na kahawa na maharage, na huko huko alikutana na shemeji yetu Lusungu Kibona, fundi seremala, aliyekuja kumtengenezea meza ya ofisi na, kwa maneno ya shemeji mwenyewe, akaitengeneza polepole sana ili isiishe. Walifunga ndoa takatifu Jumamosi tarehe 27 Agosti 1966. Mungu akawajalia watoto watatu, Fides aliyezaliwa mwaka 1967, Tabita aliyezaliwa mwaka 1969 na kupewa jina la bibi yake, na Kefa aliyezaliwa mwaka 1972 na kupewa jina la babu yake, ambaye wakati huo alikuwa ameshatutoka.

Mwezi wa Novemba 1974 marehemu alihamishiwa bonde la Songwe, upande wa Galula, katika kijiji kipya cha ujamaa kilichoitwa Mapambano. Nami nilipangiwa kufundisha elimu ya watu wazima katika kijiji hicho hicho, nikawa nakaa kwao, kwa hiyo haya ninayoyasoma sasa sikuhadithiwa, niliyaona. Watu walikuwa wameletwa kwa malori kutoka sehemu mbalimbali, wengine milimani, wengine mabondeni, wachache kutoka Tunduma, wakashushwa mahali pa wazi penye udongo mweupe, laini kama unga, uliojaa chokaa. Wazee walioushika mkononi waliumwaga chini. Lakini mvua zilikuwa zimekaribia, njaa haingoji mtu atafakari, na kijiji kikalima shamba la pamoja la karanga, kwa mistari iliyonyooka kama uzi, karanga tupu, kama tulivyofundishwa wote kwamba kuchanganya mazao ni kilimo cha kizamani. Mistari hiyo aliipima dada yangu mwenyewe kwa kamba.

Karanga ziliota vizuri, tukafurahi. Mwezi wa Januari zikaanza kugeuka rangi. Majani machanga ya juu ndiyo yaliyotangulia, mishipa yake ikabaki kijani lakini nyama yake ikawa ya manjano kama kiini cha yai, halafu manjano yakapauka yakawa meupe, na kila asubuhi shamba lilionekana limezeeka zaidi ya jana. Mvua ilinyesha ya kutosha. Wadudu hawakuonekana. Dada alitia samadi, alipalilia, alichunguza kila alichofundishwa kuchunguza, na shamba likazidi kupauka mbele ya macho yake. Familia zote za kijiji zilikuwa zinalitegemea shamba lile kwa chakula na kwa nguo.

Kulikuwa na shamba moja tu la karanga za kijani pale Mapambano. Lilikuwa la Mwanamvita binti Amri, mjane, Mwislamu, aliyezaliwa Tanga na kuletwa Tunduma na mumewe dereva wa malori, mume akafa ajalini, naye akahamishiwa kijijini kwetu akiwa hana ndugu hata mmoja. Alipewa kipande kidogo nyuma ya nyumba yake. Karanga zake ziling'aa kama zimepakwa mafuta. Ninyi mnaojua vijiji mnaelewa kilichofuata: shamba la wote linakufa, la mgeni mmoja linastawi, na mgeni mwenyewe ni mwanamke asiye na mume, anayefukiza ubani kila Ijumaa.

Jumamosi tarehe 25 Januari 1975 mkutano wa kijiji uliitishwa kwenye ghala ambalo lilikuwa bado halijaezekwa. Mwenyekiti wetu, Ndugu Watson Nzowa, ambaye leo yupo hapa nasi, alikuwa mtu wa haki, lakini siku ile watu walikuwa wengi kuliko sauti yake.

"Ametuvutia kijani chetu!" mtu mmoja akapiga kelele. "Kakihamishia kwake!"

"Aondoke leo! Lori la mahindi linaondoka jioni, apande humo!"

Mwanamvita alisimama, amejifunika khanga hadi kidevuni.

"Jamani, mimi nimepanda tu kama ninyi," alisema. "Mbegu ni hizo hizo mlizonigawia. Wallahi sijui chochote. Mkinifukuza nitaenda wapi?"

Dada yangu alipita katikati ya watu hadi mbele. Namwona mpaka sasa, buti zake za mvua zimejaa tope jeupe, akasimama bega kwa bega na yule mama.

"Ndugu Mwenyekiti, shamba la kijiji nimelipima mimi," akasema. "Kama kuna wa kuulizwa, niulizwe mimi kwanza. Hili ni gonjwa la mmea, lina sababu, na sababu hiyo nitawaonyesha hapa hapa, kwa macho yenu."

"Na ukishindwa, Mama Fides?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Nikishindwa, mimi na yeye tutapanda lori moja."

Shemeji Lusungu alikuwa amesimama karibu nami. Alivuta pumzi ndefu, akaninong'oneza, "Basi, shemeji, tumeshahama," lakini uso wake ulikuwa wa mtu anayejivunia mke. Mwenyekiti akatoa muda wa wiki tatu, na watu wakatawanyika wakinung'unika.

Alasiri ile ile dada alikwenda kwa Mwanamvita, akapiga magoti nyuma ya nyumba, akatazama. Mwanamvita hakuwa amepanda karanga tupu. Katikati ya kila mistari miwili ya karanga alikuwa amepenyeza mtama.

"Mama, kwa nini ulichanganya?" dada akamuuliza.

"Kipande chenyewe kidogo, Bibi Shamba, na mimi uji wa mahindi haunikai tumboni, nataka uji wa mtama," Mwanamvita akajibu kwa woga. "Nimekosea?"

Dada alichimba kwa vidole, pole pole, akaing'oa karanga moja pamoja na mtama uliokuwa jirani yake, na mizizi ikatoka imesukana, nyuzi za mtama zimepita ndani ya nyuzi za karanga kama nywele zilizosukwa na mikono miwili. Alianza kucheka peke yake pale chini. Alikuja nyumbani akikimbia, mwanamke wa miaka thelathini na minane, Bibi Shamba wa Serikali, anakimbia kijijini mchana kweupe ameshika mimea kifuani, na watu wanasimama milangoni kumwangalia.

"Amoni!" aliniita kutoka mbali. "Chuma! Ni njaa ya chuma!"

Ngoja niwaeleze kama alivyonieleza mimi, kwa sababu ni jambo alilolieleza maisha yake yote yaliyobaki na angependa mlisikie tena. Mmea nao unahitaji chuma, kidogo sana, lakini bila chuma hicho jani haliwezi kutengeneza kijani chake. Udongo karibu wote una chuma tele, hata ule mweupe wa Mapambano, lakini chuma hicho ni jiwe, ni kutu iliyoganda, na mzizi haumezi jiwe, unakunywa kilichoyeyuka majini tu. Penye chokaa nyingi chuma hakiyeyuki, kimefungwa. Kwa hiyo karanga zetu zilikuwa zinakufa kwa njaa zikiwa zimesimama juu ya ghala lililojaa, mlango umefungwa, na yeye dada alihisi kwamba mtama ulikuwa na ufunguo.

Kuhisi hakukutosha, alitaka kuonyesha. Shemeji Lusungu aliacha kazi zake zote, akakusanya madebe matupu, akayatoboa chini na kuyapanga nyuma ya nyumba. Katika debe la kwanza udongo mweupe ulipandwa karanga peke yake, la pili karanga na mtama pamoja, la tatu karanga na mtama pia lakini katikati shemeji alisimamisha ukuta wa mbao, akauziba na nta ili mizizi isionane. La nne lilikuwa la karanga na mtama, ila udongo wake dada alikuwa ameuchemsha kwenye sufuria kubwa kama mtu anayepika makande, kwa sababu alisoma Tengeru kwamba udongo una uhai, una vijidudu visivyoonekana kwa macho, na alitaka kujua kama navyo vina mkono katika jambo hili. Hakupanda mbegu, muda usingetosha, alihamisha miche kutoka shambani na udongo ukiwa bado umeshikilia mizizi kidogo, akaitia kivuli hadi ikashika.

Tulipokuwa tunangoja madebe, alijaribu njia ya pili. Alichukua misumari yenye kutu akailoweka kwenye maji ya limau, na limau, kwa ule ukali wake, likaila kutu ile, maji yakawa na rangi ya chai nyepesi. Alipaka maji hayo kwenye majani ya karanga zilizopauka. Kesho yake majani yalikuwa yameungua, meusi. Nilimwona amekaa kwenye ngazi ya nyumba, ameshika kichwa, na hapo ndipo mara ya kwanza nilipoogopa kwamba kweli tutapanda lile lori. Mwanamvita alikuwa amekuja kuleta uji, akayatazama majani yale.

"Mbona hata mtu akinywa limau tupu linamchoma?" alisema. "Tia maji, Bibi Shamba."

Dada alinyanyuka kama aliyechomwa na mwiba. Akatia maji, mengi, akachagua mche mwingine uliopauka. Jani la karanga, kama mnavyojua, limegawanyika vijani vinne. Alipaka viwili vya upande mmoja kwa pamba, viwili vya upande wa pili akaviacha, akafanya hivyo kwa miche kadhaa, na kuifunika kwa makuti mvua isije ikaosha.

Hatukulala vizuri siku zile. Kila kulipokucha tulikuwa watu wanne tumeinama juu ya mche mmoja wa karanga, dada, shemeji, Mwanamvita na mimi, tunabishana kama tunachokiona ni kijani au ni tamaa. "Ni kijani," alisema shemeji. "Ni kivuli cha kichwa chako," alisema dada, "sogea." Halafu ikaja asubuhi ambayo hapakuwa na ubishi tena. Vijani viwili vilikuwa vya kijani, kijani cha kweli, na viwili jirani yake kwenye kikonyo kile kile vilikuwa vya manjano. Mwanamvita alipiga kigelegele kilichosikika hadi mtoni, na watoto wa dada, Fides na Tabita, wakatoka ndani wakirukaruka bila kujua wanashangilia nini.

Jumamosi tarehe 15 Februari 1975 watu walijaa kwenye ghala kuliko siku ya mashtaka. Dada hakutoa hotuba. Aliupitisha ule mche kutoka mkono hadi mkono, kila mtu aone jani moja lenye rangi mbili, kisha madebe yakaletwa mbele. Karanga ya peke yake ilikuwa nyeupe. Ile iliyokaa na mtama ilikuwa kijani. Ile iliyotengwa na mtama kwa ukuta wa mbao ilikuwa nyeupe, ingawa ilipata jua lile lile na maji yale yale. Na ile ya udongo uliochemshwa ilikuwa na kijani hafifu, kama mtu aliyepona nusu.

"Ukuta wa mbao hauzuii uchawi," dada akasema, "lakini unazuia mizizi. Mtama unatoa kitu kwenye mizizi yake, kinayeyusha chuma, na jirani yake anakula naye. Vijidudu vya udongo navyo vinasaidia, ndiyo maana nilipoviua kwa moto kazi ikawa nusu. Mama huyu hakuwavutia kijani chenu. Alipanda mtama."

Ndugu Watson Nzowa alilishika debe la pili, akalizungusha, akalichunguza chini, kisha akaliweka, akamwendea Mwanamvita na kumpa mkono wake mbele ya wote.

"Mama," alimwambia, "msimu ujao utatuonyesha nafasi ulizopima."

Ndugu waombolezaji, nimefundisha miaka mingi, nimeona watu wazima wakisoma jina lao kwa mara ya kwanza, lakini sijaona ghala likilipuka kwa shangwe kama siku ile.

Mwezi wa Machi alikuja mtaalamu wa udongo kutoka kituo cha utafiti, Ndugu Makame, mtu wa Unguja, mpole, mwenye miwani. Mheshimiwa mmoja wilayani alikuwa amesikia kwamba Bibi Shamba anafundisha kuchanganya mazao na akataka maelezo. Ndugu Makame aliyaona madebe, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alimweleza dada kwamba ni kweli, bakteria na kuvu wa udongoni wana njaa ya chuma kuliko sisi, na kwa sababu hiyo wanatoa kitu, akakifananisha na kamba ndogo yenye kitanzi, kitanzi kinakinasa chuma kwenye jiwe na kukivuta hadi majini, na kwamba jambo hilo wataalamu walikuwa wanalijua tayari.

"Lakini hii ya mtama," alisema, "mimi sijaisoma popote. Inaelekea nao una kamba yake. Dada yangu, rudia tena, rudia kwa mahindi, rudia kwa ulezi, mimi nitaleta vifaa."

Walirudia pamoja msimu mzima, na Ndugu Makame ndiye aliyekwenda wilayani kusimama upande wake. Msimu wa 1975 na 1976 shamba lote la kijiji lilipandwa karanga na mtama kwa mistari ya kupokezana, nafasi alizopima Mwanamvita, na mwezi wa Mei 1976 ghala la Mapambano, ambalo sasa lilikuwa limeezekwa, lilijaa hadi tukaazima magunia Galula.

Hapo ndipo muuguzi wa zahanati, mama Ketrina Halinga, alipomjia na swali ambalo dada aliliita swali kubwa kuliko lake. Alimwambia, "Bibi Shamba, wajawazito wangu nao wamepauka, nikifunua kope ndani ni nyeupe. Wanakula ulezi na mahindi kila siku, na vitabu vinasema nafaka zina chuma. Nao si wamesimama juu ya ghala lililofungwa?" Dada hakulala usiku ule, na kuanzia hapo akawa na mashamba mawili, la udongoni na la tumboni. Wakishauriana na madaktari, wawili hao waliwafundisha akina mama kuotesha ulezi uwe kimea kabla ya kusaga, kuuacha uji uchachuke kama togwa, kwa kuwa vijidudu vya togwa vinatoa ukali unaofungua chuma kilichoshikwa ndani ya nafaka, kukamulia mboga limau au ukwaju, na chai kuinywa mbali na chakula, huku vidonge vya zahanati vikiendelea. Bibi zetu walikuwa wanachachusha uji tangu zamani, na dada alipenda sana kuwaambia wasichana kwamba si ushamba, ni sayansi. Mama Ketrina yupo hapa. Muulizeni kope za wajawazito wake zilipata rangi gani.

Kuanzia mwaka 1977 marehemu alizunguka na madebe yake kwa Land Rover ya kilimo, kwa lori, kwa baiskeli na kwa miguu, Mkwajuni, Galula, hadi kurudi huku Mbozi, hata miaka ile ya vita na ile ya kukosa sukari na sabuni hakusimama, na mwaka 1981 alihamishiwa Tunduma awe karibu na mama. Ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka walimjua kwa jina la Mama wa Madebe.

Mwezi wa Oktoba 1983 alianza kuchoka upesi na miguu ikavimba, akapimwa Mbeya ikaonekana moyo wake umepanuka. Alitibiwa, akapata nafuu, akarudi kazini kinyume cha maagizo. Tarehe 20 Mei mwaka huu alizidiwa akalazwa tena. Nilimkuta wodini ameketi, amewakusanya wagonjwa wenzake, anabishana na muuguzi kuhusu vikombe vya chai vinavyoletwa pamoja na vidonge vya damu, na daktari amesimama mlangoni anasikiliza. Kesho yake chai ikaanza kuja saa nne. Alifurahi kama mtoto. Alhamisi tarehe 13 Juni 1985, saa kumi na mbili asubuhi, shemeji Lusungu akiwa amemshika mkono, alimwomba afungue dirisha, likafunguliwa, akatazama nje, na kabla jua halijapanda alikuwa amefariki. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia usiku na mchana pamoja na uhaba wote wa dawa, idara ya kilimo iliyotoa gari la kumleta nyumbani, Ndugu Makame aliyesafiri kutoka mbali, wachungaji kwa sala, majirani wa Mpemba kwa maji, kuni na bega la kulilia, wafanyabiashara wa Tunduma kwa unga na maturubai, na wanakijiji wa Mapambano mliofika jana kwa lori, mkashuka na majembe yenu, mkasema kaburi hili mtalichimba ninyi.

Sasa nafika mahali pa kutaja wafiwa, na hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu jana jioni jambo hili lilitusimamisha. Mwanamvita binti Amri alinijia akiwa amekaa siku mbili jikoni bila kula, akaniambia, "Mwalimu, nina ombi. Siku ile pale ghalani nilikuwa sina mtu, yeye akasimama na mimi. Kesho mkisoma majina ya ndugu zake, msiniache." Nilikwenda kwa wazee wa ukoo nikidhani watataka kujadiliana. Mama yetu Tabita hakuwangoja wazee, alisema, "Huyo nilishamhesabu zamani, ninyi ndio mmechelewa."

Kwa hiyo marehemu Nesta Nambeye ameacha mama mzazi, Tabita, mume, Lusungu Kibona, watoto watatu, Fides, Tabita na Kefa, mdogo wake, mimi Amoni, niliyebaki peke yangu kati ya ndugu zake wa kuzaliwa, na dada yake, Mwanamvita. Dada Mwanamvita, simama uonekane, njoo ukae mbele hapa kwenye mkeka, na mama.

Dada Nesta, kazi yako imeshika. Pumzika sasa, kwa amani yote.